Shahada ya uhandisi wa roboti: asome kozi gani, anunue nini, na wengi wanakwamia wapi?

Kisiwani_PCM (mleta uzi)

Wakuu, habari za leo. Mdogo wangu wa kike amemaliza kidato cha sita, tahasusi ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), na amekazania roboti. Kila tukipekua orodha za vyuo vyetu, jina hilo halionekani kirahisi. Naombeni majibu ya wanaoijua fani: achague kozi gani, hesabu zipi ndizo mzigo wenyewe, vifaa gani anunue mwaka wa kwanza bila kupoteza hela, na kompyuta ya aina gani. Yale ya "mwambie asome IT" tumeshayasikia, tuyaache kando.

Gia_na_Shafti

Mkuu, anza kwa kuachana na jina. Shahada ya kwanza yenye jina la uhandisi wa roboti ni kitu kipya hata huko kwingine. Worcester Polytechnic Institute ya Marekani, inayohesabiwa kuwa ya kwanza nchini humo kuifungua, ilianza mwaka 2007 tu. Kabla ya hapo, na hata sasa, roboti nyingi hutengenezwa na watu waliosomea mitambo, umeme, elektroniki au kompyuta. Kozi iliyo jirani zaidi kwa Afrika Mashariki ni mekatroniki, yaani mchanganyiko wa mitambo, elektroniki na kompyuta. Kenya ipo chuo kikuu cha JKUAT pale Juja, na chuo kikuu cha Dedan Kimathi kule Nyeri.

Akibaki Tanzania, achukue umeme, elektroniki, mitambo au uhandisi wa kompyuta, lakini kabla ya kujaza fomu apate orodha ya masomo ya miaka yote minne. Atafute haya: dainamiki, nadharia ya udhibiti (jinsi ya kuifanya mashine ifuate amri na kujisahihisha yenyewe), ishara na mifumo, maikrokontrola, mota za umeme na viendeshi vyake, usanifu wa sehemu za mashine, na uandishi wa programu kwa zaidi ya muhula mmoja. Nadharia ya udhibiti isipokuwepo, au ikiwepo bila saa za maabara, kozi hiyo haitamfikisha kwenye roboti, jina lake liwe zuri namna gani.

Nyeri_Kwa_Mlima

Naongezea upande wa Kenya. Uhandisi hapa ni miaka mitano, Tanzania ni minne, kwa hiyo mpige hesabu ya ada na makazi ya mwaka mzima zaidi. Akitaka kuja, muulize chuo mapema jinsi kinavyolinganisha matokeo ya kidato cha sita na KCSE, mtihani wetu wa mwisho wa sekondari. Usidhani ni jambo la mezani.

La pili, na hili watu hulidharau: ulizeni kama programu yenyewe inatambuliwa na bodi ya wahandisi, EBK huku, ERB huko kwenu. Ulizeni bodi, msiulize ofisi ya udahili. Bila kutambuliwa, mhitimu anaweza kufanya kazi vizuri sana karakanani lakini asisajiliwe kama mhandisi mhitimu, na hapo milango ya miradi ya serikali hufungwa.

Volti_Tatu

Kati ya umeme na mitambo mimi ningempeleka umeme wenye mchepuo wa udhibiti. Roboti ya leo inaungua, inajizima na inapotea njia kwa sababu za umeme na ishara kuliko sababu za gia.

Gia_na_Shafti

Hapo sikubaliani nawe, ndugu Volti. Elektroniki unaweza kujifunza mezani kwako ukiwa na mita, solda na bodi ya bei ndogo. Tanuri, mashine ya kukereza na ya kufreza, kupima ulegevu wa beringi kwa mikrometa, hivyo havipo chumbani kwa mwanafunzi, vipo karakana ya chuo. Ningemwambia asomee chuoni kile kinachohitaji karakana, na kile kinachohitaji meza ajisomee hosteli. Tena kosa la mitambo halirekebishwi kwa programu: shafti ikicheza nusu milimita kwenye bega la mkono, ncha yake iliyo mara kumi mbali zaidi inacheza milimita tano, na hakuna mstari wa programu utakaoiondoa.

Volti_Tatu

Hoja ya karakana naikubali. Basi kigezo kiwe hiki: aende pale ambapo wanafunzi wa mwaka wa pili wanaruhusiwa kugusa mashine. Atembelee chuo siku ya kazi, aangalie kama maabara ya udhibiti ina vifaa vinavyowaka au vimefunikwa turubai.

Matriki_na_Vekta

Hesabu. Za PCM zinampa msingi mzuri, hasa vekta, trigonometria na kalkulasi. Mzigo mpya ni aljebra ya mstari. Asisubiri mwaka wa pili, aanze na matriki za kuzungusha: matriki ya 2 kwa 2 kwanza, halafu 3 kwa 3, halafu ile ya 4 kwa 4 inayobeba mzunguko na uhamisho kwa pamoja. Azoee kwamba mpangilio una maana. Kuzungusha kwenye X halafu Z hakutoi jibu sawa na Z halafu X, na mitihani mingi ya mwaka wa tatu huangushia watu hapo.

Mfano mmoja autie kwenye daftari leo. Mkono wa viungo viwili, urefu L1 = 20 cm na L2 = 15 cm, pembe θ1 na θ2. Ncha iko:

x = L1 cos θ1 + L2 cos(θ1 + θ2)
y = L1 sin θ1 + L2 sin(θ1 + θ2)

Atoe dirivativu za x na y kwa kila pembe, apange matriki ya 2 kwa 2. Hiyo ndiyo Jakobi, matriki inayounganisha kasi ya viungo na kasi ya ncha. Ditaminanti yake inarahisika kuwa L1 × L2 × sin θ2. Sasa atazame: mkono ukinyooka kabisa, θ2 = 0, ditaminanti ni sifuri. Matriki haigeuziki, na hakuna kasi yoyote ya viungo itakayosogeza ncha kwenda nje kwenye mstari ule. Kwenye 5° sin ni 0.087 tu, kwa hiyo kwa mwendo uleule mdogo wa ncha, mota zinaweza kudaiwa kasi mara kumi na zaidi kuliko kiwiko kikiwa 90°. Ndiyo maana mkono hutetemeka na kuruka ukikaribia kunyooka. Wengi hulaumu servo, yaani mota ya kiungo inayokwenda kwenye pembe iliyoamriwa. Servo haina kosa, njia iliyopangwa imepita mahali pabaya.

Mawili madogo yanayokula muda wa watu: kwenye C na Python, sin na cos hupokea radiani, si digrii. Na kutafuta pembe kutoka x na y, tumia atan2, si atan ya kawaida, la sivyo mkono utageukia upande wa pili kila x inapokuwa hasi.

Kisiwani_PCM

Asante sana Matriki, hii nampelekea kama ilivyo. Sasa vifaa. Bajeti yetu ni ya kawaida, na maduka yaliyo karibu ni ya Kariakoo.

Volti_Tatu

Asinunue zile seti kubwa zenye sensa 37. Thelathini hatazigusa. Roboti moja ya magurudumu mawili inatosha kufundishia miaka miwili ya kwanza. Anunue:

- Bodi ya ESP32 (maikrokontrola yenye WiFi) moja, na ya akiba moja. Bodi ya kwanza huungua.
- Mota mbili za DC zenye gia na enkoda (kihesabu mzunguko wa mota), za volti 6 hadi 12. Zile za njano za plastiki zisizo na enkoda aziache. Bila enkoda roboti haijui imekwenda wapi, na somo lote la udhibiti linabaki karatasini.
- Kiendeshi cha mota TB6612FNG. L298N yenye kipozi cheusi imejaa kila duka, ila ni teknolojia ya zamani inayomeza takribani volti 2 ikipitisha ampea 1. Betri ya 7.4 V inaifikishia mota 5.4 V, zingine zinakuwa joto.
- Sensa ya mwendo MPU6050.
- Seli mbili za lithiamu za 18650, kishikio chake, bodi ya ulinzi ya seli mbili, chaja inayolingana, fyuzi ya ampea 5 na swichi.
- Kipunguza volti cha kutoa 5 V, ampea 3.
- Maltimita. Hii ndiyo ya kununua kwanza, kabla ya roboti.

Kuhusu seli: ukiona 18650 imeandikwa 9900 mAh, iache dukani. Za kweli za kawaida ni 2000 hadi 3500, na seli halisi ina uzito wa gramu 45 hivi. Chukua mizani ndogo. Za uongo mara nyingi ni nyepesi waziwazi. Chaji isizidi 4.2 V kwa seli, na isishuke chini ya 3.0 V. Ikivimba au ikipata moto bila kazi, haitumiki tena.

Luthuli_Mezani

Kwa walio Nairobi, vitu hivyo vyote vinapatikana Luthuli Avenue na mitaa ya jirani. Nenda na mita yako. Kabla ya kulipia mota, pima ukinzani wa koili (omu): gusa nyaya mbili za mota, zungusha shafti polepole, chukua namba ya chini inayotulia. Gawanya volti ya betri kwa ukinzani huo, unapata ampea itakazovuta gurudumu likizuiwa. Tuseme 7.4 V kwa 4 Ω, ni 1.85 A. TB6612FNG inabeba 1.2 A mfululizo kwa kila mota na 3.2 A kwa kitambo kidogo. Basi itavumilia kuanza, lakini roboti ikigonga ukuta na kuendelea kusukuma, kiendeshi kinaweza kuungua. Andika kwenye programu: enkoda isiposogea kwa nusu sekunde huku umeme ukiwa umewashwa, zima mota.

Volti_Tatu

Sawa kabisa. Sasa mahali wengi wanakwamia wiki ya kwanza: mota zinapoanza, ESP32 inajizima na kujiwasha upya. Mtu anaanza kuandika programu upya, wakati tatizo ni umeme. Mota ikianza huvuta ampea nyingi, volti inaporomoka kwa milisekunde chache, na redio ya WiFi nayo inadai karibu nusu ampea kwa vipindi vifupi. Dawa: mota zichukue umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia fyuzi, ESP32 ipate wake kupitia kipunguza volti, na kapasita ya 470 hadi 1000 µF iwekwe karibu kabisa na pini za umeme za kiendeshi. Kapasita ndogo ya 100 nF ilehemiwe kwenye miguu ya kila mota kupunguza kelele za brashi. Nyaya hasi zote zikutane sehemu moja. Hasi zisipokutana, ishara ya kiendeshi haina pa kujilinganisha, na mota itafanya vituko.

Pini za ESP32 nazo azijue mapema. Kuanzia 34 hadi 39 ni za kuingiza tu, na hazina rezista za ndani za kuvuta juu, kwa hiyo enkoda nyingi zikifungwa hapo bila rezista ya nje ya 10 kΩ hazisomeki. Pini ya 12 ikiwa juu wakati wa kuwasha, bodi nyingi hazianzi. Na pini za ADC2 hazisomi analogi WiFi ikiwa imewashwa. Sensa ya umbali HC-SR04 inarudisha 5 V, ESP32 inataka 3.3 V: weka 1 kΩ na 2 kΩ za kugawa.

Enkoda_Nne

Nashuka kwenye udhibiti wenyewe, maana hapa ndipo fani ilipo.

Chukua mota yenye enkoda ya mapigo 11 kwa mzunguko wa mota na gia ya 34 kwa 1. Ukisoma kingo zote za chaneli mbili unazidisha kwa 4: 11 × 4 × 34 = 1496 kwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Gurudumu la kipenyo cha mm 65 lina mzingo wa mm 204. Kila pigo basi ni mm 0.136. Inaonekana ni usahihi mwingi, lakini angalia kasi. Roboti ikienda mita 0.1 kwa sekunde na wewe unasoma kila milisekunde 20, unapata mapigo kama 15. Ikienda mita 0.02 unapata 3, na pigo moja likichelewa kidogo kasi uliyopima imekosea kwa theluthi. PID yako (kanuni inayorekebisha mota kwa kosa la sasa, P, lililokusanyika, I, na kasi ya kubadilika kwake, D) itahangaika bure. Kwa mwendo wa polepole pima muda kati ya pigo na pigo. Kwa mwendo wa kasi hesabu mapigo, na utumie kihesabio cha PCNT kilicho ndani ya ESP32 ili prosesa isikatizwe mara elfu kwa sekunde.

Kurekebisha PID ya kasi: weka I na D sifuri. Inua gurudumu hewani, ongeza P mpaka kasi ianze kuyumba, kisha irudishe nusu. Ongeza I kidogo kidogo mpaka tofauti iliyobaki iishe. D kwa kasi ya mota mara nyingi haihitajiki, inakuza kelele za enkoda. Sasa ishushe chini na urekebishe tena, maana hewani hakuna mzigo. Na lazima uiwekee I kikomo: gurudumu likizuiwa sekunde tatu, I inajikusanya, ukiliachia linafyatuka kwa nguvu zote.

Baada ya hapo ipeleke mraba wa mita 2 kwa 2, upande wa saa, halafu kinyume. Isiporudi ilipoanzia, pima. Kosa likiwa la upande mmoja ule ule kila mara, ni vipimo: kipenyo cha magurudumu au umbali kati yao. Umeandika mm 150 kumbe ni 153, kila ukiiamuru izunguke 360° itazunguka 353°. Kosa likibadilika kila safari, ni kuteleza, na enkoda haioni kuteleza.

Mwanamke_Fundi_Tanga

Nakazia hapo kwenye kuteleza. Ndiyo kazi ya MPU6050, lakini msitegemee isichoweza. Kihisi cha mzunguko kilicho ndani yake kina kosa la kudumu hata kikiwa kimetulia. Likiwa 0.05° kwa sekunde, dakika moja ni 3°. Ukiwasha roboti iache kimya sekunde tatu, chukua wastani, uutoe kwenye kila usomaji. Kipima mchapuko kinasaidia kusahihisha kuinama mbele na kando tu, kwa sababu kinategemea mvutano wa dunia. Mwelekeo wa kushoto na kulia hakiwezi kuusahihisha. Huko ndiko anapohitaji kuchanganya enkoda na kihisi cha mzunguko kwa kichujio cha Kalman (hesabu inayounganisha vipimo vyenye makosa), na ndipo takwimu za mwaka wa pili zinapopata kazi.

Mwambie mdogo wako ajifunze kulehemu kabla ya lolote. Nyaya za jampa kwenye bredibodi zinafaa meza, roboti inayotikisika inazichomoa. Nusu ya "hitilafu za programu" ni waya uliolegea.

Kisiwani_PCM

Nashukuru dada. Kompyuta je? Na hiyo ROS, programu za kuunganishia sehemu za roboti, inayotajwa kila mahali, aianze lini?

Enkoda_Nne

RAM GB 16, diski ya SSD isiyopungua GB 512. GB 8 inafungua, ila ukiwasha simulizi ya Gazebo pamoja na kivinjari inakwama. Aweke Ubuntu 24.04 na ROS 2 Jazzy, inayotunzwa mpaka Mei 2029. Humble ya Ubuntu 22.04 inaisha Mei 2027. Masomo mengi mtandaoni bado ni ya ROS 1. Toleo lake la mwisho, Noetic, lilifikia kikomo Mei 2025. Njia ya kuyatambua: ukiona amri ya roscore, funga ukurasa. Apakue vitu kwenye WiFi ya chuo, mafaili ni makubwa.

Asiianze mwaka wa kwanza. Mwaka wa kwanza C na Python, wa pili maikrokontrola na udhibiti, ROS 2 mwaka wa tatu akiwa na roboti inayojua kuwa imesogea kiasi gani.

Saruji_na_PLC

Wadau mmesahau mahali ajira zilipo. Viwanda vya saruji, sukari, vinywaji na unga vimejaa mashine zinazojiendesha, na ubongo wake ni PLC (kompyuta ya viwandani ya kudhibiti mashine), si ESP32. Kwenye mafunzo ya vitendo viwandani aombe kukaa na mafundi wa udhibiti. Ajue lugha ya ngazi (ya kuandikia programu za PLC), sensa za 24 V na tofauti ya PNP (inayotoa chanya) na NPN (inayounganisha hasi), kwa sababu ukifunga NPN kwenye ingizo lililotayarishwa kwa PNP taa ya sensa itawaka lakini PLC haitaona kitu. Ajue mkondo wa 4–20 mA unaobeba vipimo vya sensa: kipimo cha sifuri ni 4 mA makusudi, ili waya ukikatika usome 0 na mtambo ujue ni hitilafu. Rezista ya 250 Ω inaugeuza kuwa 1 hadi 5 V.

Rwanda nako kuna kazi za ndege zisizo na rubani tangu Zipline waanze kupeleka damu hospitalini mwaka 2016. Huko udhibiti uleule, ila kosa linaanguka kutoka angani, kwa hiyo nyaraka na vipimo ni sehemu ya kazi.

Gia_na_Shafti

Nimalizie la mradi wa mwaka wa mwisho, maana wengi huchagua mkono wa roboti bila kupiga hesabu ya mzigo. Servo ya MG996R inaandikwa 11 kg·cm kwa 6 V, na hiyo ni nguvu ya kuzuiwa, siyo ya kufanyia kazi. Tuseme bega hadi kiwiko cm 15, kiwiko hadi koleo cm 15, mkono umenyooka mlalo. Mzigo wa g 200 kwenye cm 30 ni 6.0. Koleo na servo yake g 120 kwenye cm 30 ni 3.6. Servo ya kiwiko g 55 kwenye cm 15 ni 0.8. Vyuma viwili vya g 40 kila kimoja, uzito ukihesabiwa katikati ya kila kimoja, ni 1.2. Jumla 11.6 kg·cm. Bega limeshindwa kabla hata halijaanza kusogea. Punguza kila kipande kiwe cm 10 na mzigo g 50, jumla inashuka mpaka 4.5 hivi, chini ya nusu, na hapo servo itadumu.

Ripoti isiseme "mkono ulifanya kazi vizuri". Funga kalamu kwenye koleo, weka karatasi ya grafu, uamuru mkono uende nukta moja mara 30 ukitokea pande tofauti, pima mtawanyiko kwa milimita. Mtahini akiona jedwali hilo, maswali yanabadilika kabisa.

Luthuli_Mezani

Na umeme wa huo mkono usichukuliwe kwenye pini ya 5 V ya bodi. MG996R ikizuiwa huvuta karibu 2.5 A, servo nne ni 10 A. Atafute chanzo cha 6 V, ampea 10, nyaya nene za kugawa umeme, na swichi ya dharura mahali mkono wa mtu unapofika bila kupita mbele ya mkono wa roboti.